Kukopa au Kuvunja: Pesa ya 401(k) Kabla ya Kustaafu

Simu zinazomfanya Mswahili aliyeko Marekani aikumbuke 401(k) yake, ile akiba ya uzeeni anayokatwa kazini, huwa za aina mbili: kuna msiba nyumbani, au kiwanja kimepatikana na mwenye nacho anataka hela kabla ya Ijumaa. Anafungua programu ya akaunti, anakuta dola 18,000 zimetulia, jina lake juu. Chini pana kitufe cha kuomba mkopo na kingine cha kuomba kutoa pesa. Vimekaa bega kwa bega, mtu angedhani vinafanya kazi moja.

Ndipo unapoanzia mkanganyiko. Kwenye maghala, kwenye nyumba za kutunzia wazee na kwenye magrupu ya WhatsApp utasikia mtu akisema, "Mimi nilishachukua 401(k) yangu, hakuna shida." Huyo huenda alikopa. Huenda alitoa kwa shida inayotambuliwa na sheria. Huenda aliacha kazi akavunja akaunti yote. Ni mambo matatu, na gharama zake hazikaribiani hata kidogo. Ukifuata ushauri wa aliyekopa ilhali wewe unatoa, utaijua tofauti mwaka unaofuata ukienda kujaza fomu za kodi.

Pesa hii ni ya nani hasa

401(k) ni jina la kifungu cha sheria ya kodi ya Marekani kilichopitishwa mwaka 1978. Miaka miwili baadaye mshauri wa mafao aitwaye Ted Benna, huko Pennsylvania, aliona kwamba kifungu hicho kinaweza kumruhusu mfanyakazi wa kawaida aweke sehemu ya mshahara kabla haijakatwa kodi ya mapato, na mwajiri akaongeza chake juu. Leo huo ndio mpango wa uzeeni wa mamilioni ya watu, pamoja na walioingia nchini juzi na kukuta wameandikishwa siku ya kwanza ya kazi bila kuelewa walichosaini.

Neno la kushika hapo ni "kabla haijakatwa kodi". Serikali haikukusamehe kodi hiyo, imekusubiri tu. Imekwambia: weka, izae, nami nitachukua changu utakapoitoa. Ukiitoa kabla ya kufikisha miaka 59 na nusu, itachukua chake pamoja na adhabu ya asilimia 10. Kitu kimoja tu hakidaiwi tena, nacho ni makato ya Social Security (mafao ya uzeeni ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee), yale ya asilimia 7.65, kwa sababu hayo yalishakatwa siku ulipolipwa mshahara. Kuna pia akaunti ya aina ya Roth, ambayo kodi yake hulipwa mwanzoni. Hiyo ina hesabu zake na siigusi hapa.

Jambo la pili: zile dola 18,000 za kwenye simu huenda zote si zako. Ulichokatwa kwenye mshahara ni chako tangu siku ya kwanza. Mchango wa mwajiri ni habari nyingine, kwani makampuni mengi huutoa kwa sharti la muda. Mwajiri anaruhusiwa kusema hupati kitu mpaka utimize miaka mitatu, au akakupa kidogo kidogo kila mwaka mpaka ufike wa sita. Ukiondoka kabla, sehemu ambayo haijawa yako hurudi kwenye mpango. Kwa hiyo kabla ya kupiga hesabu yoyote, tafuta kwenye taarifa ya akaunti ile namba ndogo zaidi, ya kiasi kilichokwisha kuwa chako. Hiyo ndiyo ya kufanyia kazi.

Mkopo

Chukua msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee mjini Columbus, Ohio. Akaunti inasoma dola 18,000, lakini 2,000 kati yake ni za mwajiri na muda haujatimia. Zilizo zake ni 16,000. Mpango wake, kama mipango mingi, unamruhusu kukopa hadi nusu ya zilizo zake, na kisheria kwa vyovyote isizidi dola 50,000. Basi yeye mwisho wake ni dola 8,000. Hakuna benki inayomchunguza, hakuna mtu anayeangalia alama zake za mikopo, na deni lenyewe haliripotiwi huko. Hizo pesa hazitozwi kodi wala adhabu anapozipokea, kwa sababu kisheria hajazitoa, amezikopa.

Kulipa ni ndani ya miaka mitano, isipokuwa mkopo wa kununulia nyumba ya kuishi, ambao mpango unaweza kuupa muda mrefu zaidi. Riba hupangwa na mpango wenyewe, na mingi hutumia riba ya msingi ya mabenki kisha ikaongeza pointi moja au mbili. Tuseme imefika asilimia 8.5. Kwa dola 8,000 za miaka mitano, hiyo ni karibu dola 164 kwa mwezi. Kwa anayelipwa kila baada ya wiki mbili, ni kama dola 76 zitakazokuwa zinatoweka kwenye slipu kabla hajaziona. Riba hiyo inarudi kwenye akaunti yake mwenyewe. (Waislamu wengi huuliza kama kujilipa riba ni riba. Hilo nawaachia masheikh.)

"Najilipa mwenyewe" ndiyo sentensi iliyowaponza wengi. Wabongo na Wakenya huielewa 401(k) kwa macho ya SACCO, na SACCO haifanyi kazi hivyo. Kwenye SACCO akiba yako inabaki palepale ikipata gawio, inakuwa dhamana, na unachopewa ni pesa ya wanachama wote. Ndiyo maana unaweza kupewa hata mara tatu ya akiba yako. Kwenye 401(k) hakuna wanachama wengine. Mpango unauza sehemu ya uwekezaji wako kisha unakupa hizo hizo. Soko likipanda mwaka huo kwa asilimia 20, zile 8,000 hazimo. Zimo zile 8,000 zilizobaki. Soko likishuka, utaonekana mjanja, ila hakuna anayejua kabla.

Kuna dhana nyingine inayozunguka sana, kwamba mkopo wa 401(k) hutozwa kodi mara mbili: unalipa kwa pesa iliyokatwa kodi, kisha uzeeni unakatwa tena. Si kweli kwa deni lenyewe. Zile 8,000 ulipozipokea hazikukatwa kodi, kwa hiyo unapozirudisha kwa pesa iliyokatwa umesawazisha tu. Kinachotozwa mara mbili ni riba peke yake. Kwa mkopo huu riba yote kwa miaka mitano haifiki dola 1,900, na kodi ya ziada juu yake ni ndogo. Kama kuna sababu ya kuogopa mkopo huu, si hiyo.

Ya kuogopa ni kupoteza kazi. Mkopo umefungwa kwenye mshahara wa mwajiri yule yule. Ukifukuzwa, ukipunguzwa, au ukiona kampuni ya jirani inalipa dola mbili zaidi kwa saa ukahama, mipango mingi huhesabu kwamba salio la deni umelichukua. Msaidizi wetu akiondoka huku anadaiwa 6,000, mpango unazifuta dhidi ya akaunti yake na kutuma fomu 1099-R, inayoripoti pesa zilizotolewa, kwa mamlaka ya kodi, IRS. Zamani alikuwa na siku 60 tu za kujiokoa. Tangu mwaka 2018 ana muda hadi mwisho wa kujaza kodi ya mwaka ule deni lilipofutwa, yaani katikati ya Aprili inayofuata, au katikati ya Oktoba akiomba nyongeza ya muda. Ndani ya muda huo akitafuta dola 6,000 kokote na kuziweka kwenye akaunti ya kustaafu ya binafsi, ile IRA, au kwenye mpango wa mwajiri mpya, mambo yamekwisha. Asipozipata, na kama yuko kwenye daraja la kodi la asilimia 12, atadaiwa 720 za kodi na 600 za adhabu. Anadaiwa dola 1,320 katika mwaka ambao amepoteza kazi, kwa pesa alizokwisha kuzitumia mwaka juzi.

Siku hizi iko mipango inayokubali uendelee kulipa kutoka benki hata baada ya kuondoka. Hilo ni swali la kuuliza kabla ya kubonyeza kitufe. Na ukikosa kulipa ukiwa bado kazini, tuseme umechukua likizo bila mshahara, mpango unaweza kukupa hadi mwisho wa robo ya mwaka inayofuata kufidia. Ukipita hapo, deni lote lililobaki linahesabiwa kuwa umelitoa, na safari hii hata kulihamishia kwenye IRA hairuhusiwi.

Kutoa kwa shida

Ukiwa bado kazini na chini ya miaka 59 na nusu, kwa kawaida huruhusiwi kutoa tu kwa sababu unataka. Lazima kuwe na shida nzito ya haraka, na mpango uwe unaruhusu, maana hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri kuruhusu mkopo wala utoaji wa namna hii. IRS imeorodhesha shida zinazokubalika bila mjadala: matibabu, kununua nyumba unayoishi, ada ya elimu ya juu kwa miezi 12 ijayo, kuzuia kufukuzwa kwenye nyumba, mazishi, na ukarabati wa nyumba iliyoharibiwa na janga.

Soma vizuri mipaka yake, kwa sababu orodha hii ilitungwa na watu ambao ukoo kwao ni mke, mume, wazazi na watoto. Mazishi yanayokubalika ni ya mzazi wako, mwenzi wako, mtoto wako au mtu unayemtegemeza kwa maana ya sheria ya kodi. Kaka yako hayumo. Mjomba aliyekulea tangu darasa la kwanza hayumo. Shangazi aliyeuza ng'ombe ukapata nauli ya ndege hayumo. Ada ni yako, ya mwenzi au ya watoto, si ya mdogo wako aliyepata nafasi Mzumbe. Usidhani kwamba kwa kuwa unamtumia hela kila mwezi basi ni tegemezi wako: kwa sheria ya kodi ya Marekani, ndugu anayeishi Mbeya au Eldoret na asiye raia hawezi kuwa tegemezi. Na nyumba ni ile utakayolala wewe. Kiwanja cha Kigamboni au Kitengela hakimo hata ukiambatanisha hati.

Kuna mwanya mmoja halali ambao wengi hawaujui. Mtu uliyemwandika kuwa mrithi wa kwanza wa akaunti yako anaweza kuhesabiwa pia kwa matibabu, ada na mazishi, kama mpango wako umelikubali hilo. Lakini kwa mwenye ndoa mrithi kwa kawaida ni mwenzi, hadi mwenzi mwenyewe asaini kukubali vinginevyo.

Tangu 2023 mipango inaruhusiwa kukubali neno lako kwamba shida ipo, bila kudai stakabadhi papo hapo. Watu wakaona njia imefunguka. Ila tamko hilo unalitoa kwa maandishi, na anayelitoa kwa uongo anajibu mwenyewe siku IRS ikiuliza.

Halafu kinachowashangaza wengi: shida yako ikikubaliwa, kilichokubaliwa ni kutoa tu. Kodi iko palepale. Adhabu ya asilimia 10 nayo iko palepale, isipokuwa shida yako iangukie pia kwenye orodha nyingine, ile ya misamaha ya adhabu, ambayo ni tofauti na hii. Matibabu, kwa mfano, husamehewa adhabu kwa sehemu inayozidi asilimia 7.5 ya mapato yako ya mwaka. Mazishi hayamo kwenye orodha hiyo. Ukimzika mama kwa pesa ya 401(k), Marekani itakupa ruhusa na kukutoza faini kwa pamoja. Na pesa uliyoitoa hivi huirudishi tena, nafasi yake kwenye akaunti imekufa.

Sheria iliyopita mwishoni mwa 2022 imeleta nafuu ndogo. Tangu 2024, mpango unaweza kukuruhusu kutoa hadi dola 1,000 kwa mwaka kwa dharura yoyote ya kifamilia au binafsi bila adhabu, na una miaka mitatu ya kuzirudisha. Usiporudisha, wala michango yako mipya isifikie kiasi hicho, huruhusiwi nyingine mpaka miaka hiyo mitatu iishe. Kwa tiketi ya ghafla ya kurudi nyumbani msibani, hii inafaa zaidi ya kitu kingine chochote nilichokitaja. Kwa sheria iliyotangulia hiyo, mzazi mpya naye anaweza kutoa hadi dola 5,000 bila adhabu ndani ya mwaka mmoja tangu mtoto azaliwe au aasiliwe. Kodi ya mapato inabaki kwa zote mbili.

Kuvunja akaunti unapoacha kazi

Hapa ndipo pesa nyingi za watu wetu zinapopotelea, na ndipo pasipokuwa na mlinzi. Ukiacha kazi huulizwi shida. Unajaza fomu, unapewa chote.

Tuseme ni dola 12,000. Mpango unalazimika kukata asilimia 20 mara moja, 2,400, na kuipeleka IRS. Unapokea 9,600, na hapo ndipo wengi huamini kodi imekwisha. Haijaisha, ile ilikuwa kianzio. Mwaka ukiisha, zile 12,000 zinajumlishwa na mishahara yako yote. Kama uko daraja la asilimia 12, kodi ni 1,440 na adhabu 1,200, jumla 2,640, yaani bado unadaiwa 240. Kama mmefanya kazi mke na mume, mashifti ya ziada, na mapato yenu yamepanda hadi daraja la asilimia 22, kodi ni 2,640 na adhabu 1,200. Hizo ni 3,840. Mmeshakatwa 2,400, mtatakiwa kutoa 1,440 mfukoni mwezi wa nne, na badala ya 12,000 mtakuwa mmebaki na 8,160.

Jimbo nalo linadai lake. Texas na Washington hazitozi kodi ya mapato ya mshahara, kwa hiyo huko umepona. California inatoza kodi yake kisha inaongeza adhabu yake ya asilimia 2.5. Na kuna hasara isiyoonekana kwenye hesabu hizi: mapato yakivimba kwa 12,000, ile marejesho ya kodi ambayo familia zenye watoto na kipato cha chini huisubiri kila Februari inaweza kupungua, na ruzuku ya bima ya afya ikadaiwa irudishwe.

Namna ya kuepuka yote haya ni kuhamisha moja kwa moja, kutoka mpango wa zamani kwenda IRA au mpango mpya, pesa isipitie mkononi mwako. Ikipitia mkononi una siku 60 za kuiweka mahali pengine, lakini kumbuka ulipokea 9,600 tu. Ili isihesabike kuwa umetoa chochote, lazima uweke 12,000 kamili, maana yake 2,400 uzitafute kwingine na kuzisubiri zirudi ukishajaza kodi. Wachache wanaziweza.

Ukishindwa kabisa kuepuka kuvunja, angalau chagua mwaka. Aliyeachishwa kazi Novemba baada ya kuingiza mshahara wa miezi kumi, akivunja Novemba hiyo hiyo anakatwa kwa daraja la mwaka mzima wa kazi. Akisubiri hadi Januari, na kama atakaa muda bila kazi, pesa ile ile inaangukia mwaka mwepesi. Na mwenye umri mkubwa kidogo ajue hili: ukiacha kazi katika mwaka unaofikisha miaka 55 au baada yake, pesa ya mpango wa mwajiri huyo unaitoa bila adhabu. Ukiikimbiza kwenye IRA umeupoteza msamaha huo.

Lipi basi

Kwa maoni yangu, mkopo mdogo kwa mtu mwenye kazi imara si dhambi. Anayelipa kadi ya mkopo kwa riba ya zaidi ya asilimia 20 akakopa 401(k) kwa 8.5 kuimaliza, amefanya hesabu nzuri, mradi kadi isijae tena. Kodi ya nyumba imechelewa na kuna barua mlangoni? Kopa kabla ya kutoa. Ila kiwanja cha Ijumaa si dharura. Viwanja vingine vitakuwepo Jumatatu, ilhali dola 10,000 zikikaa miaka 30 zikikua kwa wastani wa asilimia 7 hufika karibu 76,000.

Mwenye madeni yaliyomlemea kabisa asikimbilie kuvunja 401(k) ili alipe kila mtu. Sheria ya mafao ya mwaka 1974, ERISA, inazilinda pesa hizi dhidi ya wadai wa kawaida, na hata mtu akitangaza kufilisika mahakamani hubaki nazo. Anayezitoa kulipa bili ambazo mahakama ingezifuta ametoa kitu ambacho wadai wasingekigusa.

Na kwa anayerudi nyumbani moja kwa moja: huna haja ya kuvunja kabla ya kupanda ndege. Salio likizidi dola 7,000, mpango hauwezi kukutoa kwa nguvu kabla ya umri wa kustaafu. Chini ya hapo unaweza kuhamishiwa IRA bila kuulizwa, na chini ya 1,000 ukatumiwa hundi tu, labda kwa anwani uliyokwisha kuihama. Asiye raia wala mkazi wa kudumu atakayetoa akiwa Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu, mpango utakata asilimia 30 kabla ya kumtumia, kwa kuwa Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Tanzania, Kenya wala Kongo. Anaweza kujaza fomu 1040-NR, ile ya kodi ya wageni wasio wakazi, na kudai kilichozidi kirudishwe. Raia wa Marekani anakatwa kama yuko Ohio, popote alipo duniani. Kabla ya kuondoka badilisha anwani, na hakikisha namba ya simu inayopokea msimbo wa kufungulia akaunti itaendelea kufanya kazi ukiwa Afrika. Wapo wenye pesa zao kamili wasioweza kuzifikia kwa sababu laini ya Marekani ilikatwa.